Mguu wa Kuku wa Mama Yohane

Kuna watu wakiibiwa hulia, kuna watu wakiibiwa hutukana, na kuna Veneranda Kihwele wa nje kidogo ya Igowole, ambaye aliibiwa akacheka. Si kwamba alifurahi. Ni ile namna alivyoibiwa. Jumapili moja alirudi kutoka misa ya kwanza akakuta banda la nguruwe liko wazi, jike lake lenye mimba halipo, na pale chini pamebaki ndoo mbili tupu zinazonuka ulanzi. Alama za miguu ya nguruwe zilikwenda kushoto, zikarudi kulia, zikaenda tena kushoto, hivyo hivyo mpaka barabarani. Wezi walikuwa wamemlewesha mnyama, mnyama akaondoka mwenyewe kwa miguu yake minne bila kupiga hata kelele moja, kama mgeni anayesindikizwa kutoka kilabuni.

"Walau amekunywa," alisema Veneranda, akacheka. Halafu akakaa juu ya ndoo mojawapo akalia.

Ile ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza walikuja mumewe akiwa hajamaliza hata arobaini kaburini, wakang'oa sola juu ya bati na kuondoka na betri yake. Mtoto wake wa pekee, Yohane, anayeuza spea za magari kule Mbeya, alipopata habari za nguruwe alipiga simu. Alisema maneno machache na yote yalikuwa mabaya.

"Mama, wakija mara ya tatu, nakuja na Fuso. Napakia kitanda, napakia masufuria, napakia na wewe mwenyewe."

Veneranda alishawahi kukaa Mbeya wiki tatu. Nyumba ya Yohane ina vigae na geti la chuma, na mkewe, Eveline, ni mtu mwema kupita kiasi. Kila Veneranda aliposhika kisu amenye viazi, Eveline alikichukua kwa upole. "Mama, wewe pumzika." Alipumzika mpaka magoti yakaanza kumuuma kwa kupumzika. Huku kwake ana robo eka ya chai, bustani ya njegere, kaburi la mumewe nyuma ya nyumba na nguruwe wawili waliosalia. Kuhamia Mbeya, kwa hesabu zake, ni kuzikwa huku unapewa chai ya maziwa. Kwa hiyo akabaki na sala moja tu, asubuhi na jioni: asiibiwe mara ya tatu.

Na mwizi kila mtu alimjua. Aliitwa Sosthenes, kijana wa miaka thelathini na kitu, baba wa mtoto mmoja. Siku akitaka alipasua mbao kwenye msitu wa paini, na siku asipotaka haikujulikana anakula nini, ila alikula. Hakuwahi kushikwa. Tunasema siku za mwizi ni arobaini, lakini nadhani Sosthenes mahesabu yalimpiga chenga toka darasa la pili.

Haya. Sasa ikaja jubilei ya padre parokiani. Watu walikula wakavimbiwa. Veneranda akaufunga mguu mmoja wa kuku kwenye karatasi, akautia mkobani ampelekee jirani yake Matilda, ambaye goti lilimzuia kuja. Njiani mafuta yakaanza kuvuja. Veneranda, mtu wa usafi, akaingiza mkono ndani ya mkoba akaushika ule mguu wima usimchafulie kitabu cha nyimbo. Ndivyo alivyokuwa anatembea, mkono mmoja umezama mkobani mpaka kwenye kifundo, alipofika kwenye kalavati akamkuta Sosthenes amekaa na wenzake wawili.

"Kamwene, mama," alisema Sosthenes, sauti tamu kama asali ya kuibiwa. "Leo mkoba umetuna. Kuna nini humo?"

"Mguu wa kuku," alijibu Veneranda.

Sosthenes aliutazama ule mkono ndani ya mkoba. Wenzake nao wakautazama. Mmoja alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama, sisi tumekaa tu," alisema Sosthenes. Ile asali ilikuwa imekauka. "Hatukuwa na nia mbaya."

"Kwani mnautaka?" aliuliza Veneranda, maana mkate hugawanywa. "Niwatolee?" Na mkono ukaanza kutoka.

"Usitoe, mama! Tumeshiba! Wallahi tumeshiba!" Wote watatu ni Wakristo wa kubatizwa, lakini siku hiyo walikumbuka hata kiapo cha jirani. Waliruka mtaro wakatokomea kwenye miti, mmoja akaacha kandambili. Veneranda alibaki pale kinywa wazi. Vijana wa siku hizi, alijisemea, hata kuku hawali.

Alimsimulia Matilda. Matilda ana miaka sabini, ameishi Dar es Salaam miaka kumi na moja na marehemu mumewe aliyekuwa askari magereza, kwa hiyo mambo ya dunia anayajua. Alikuwa ameshaanza kuutafuna ule mguu. Aliposikia kisa alipaliwa, akapigwa mgongoni, akanywa maji, akacheka mpaka goti bovu likamsamehe kwa muda.

"Mama Yohane, we! Mguu wa kuku ni bastola!"

"Bastola ipi?"

"Bastola! Bunduki ya mkono! Mjini ndivyo inavyoitwa. Si unaona umbo lake?" Akauinua mfupa, akaushika pale pembamba, akamlenga Veneranda katikati ya macho. Na kweli ulifanana.

Veneranda alishika kifua. "Mungu wangu, nimedanganya watu!"

"Umedanganya nini? Ulikuwa nao au hukuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Basi!"

Lazima nikueleze tabia ya huyu mama, la sivyo yanayofuata utasema nimetia chumvi. Veneranda hawezi kusema uongo. Si kwamba ni mtakatifu, la, ana mdomo wake na ana wivu wake kama mimi na wewe. Ni maumbile tu. Alilala akiwaza: wakiniuliza tena nitasemaje? Nikisema ninao, na sina, ni dhambi. Nikisema sina, Sosthenes atasikia kabla sijafumba mdomo, na Fuso litakuja. Asubuhi akapata dawa. Alichinja jogoo, akakata mguu mmoja, akautia chumvi, akauning'iniza juu ya moshi wa jikoni siku nne mpaka ukakauka ukawa mgumu kama ubao wa mninga. Akaufunga kwenye leso, akautia mkobani. Kuanzia siku hiyo Veneranda Kihwele hakutoka nyumbani kwake bila mguu wa kuku.

Habari ilishafika kila mahali. Kwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine alimwita pembeni akamnong'oneza, "Mama Yohane, eti ni wa Kirusi au wa Kichina?"

"Wa kienyeji," alisema Veneranda.

"Ee! Zile za kutengenezwa porini? Si hatari hizo?"

"Ni mgumu, lakini unadumu."

"Na unautunza wapi?"

"Jikoni. Juu ya moto."

Mwenye mashine alirudi nyuma hatua mbili. "Juu ya moto, mama! Ukilipuka je?"

"Ukikauka vizuri haufanyi chochote," alisema Veneranda, na gunia lake likasagwa la kwanza ingawa foleni ilifika barabarani.

Kanisani nako, katekista Sifaeli alimsimamisha mlangoni. "Mama, nyumba ya Bwana hii. Huo mkoba uache nje."

"Nikiuacha nje mbwa wataula, katekista."

Sifaeli alilitafakari jibu hilo misa nzima. Baadaye alimwambia mkewe kwamba mama Yohane ni mtu wa mafumbo mazito.

Na mimi sikufichi: mama alianza kunogewa. Kwenye kwaya ya akina mama, akisema wimbo uanzie chini, unaanzia chini. Bombani ndoo yake ilipishwa njia. Akaanza kutembea bega moja limeshuka, upande wa mkoba, kama vile kuna uzito. Uzito gani, mguu wa jogoo mmoja? Siku walipokaa kupatanisha mpaka wa shamba na mzee wa upande wa juu, Veneranda aliuweka mkoba mezani. Taratibu. Mzee wa watu akatoa jasho na baridi lote lile la Mufindi, akasema, "Chukua hatua tatu, mama. Chukua hata nne." Naye akachukua nne. Hapo simtetei, na Matilda alimwambia wazi kwamba hapo ameonea.

Lakini wizi ulikoma. Mwaka ukapita na nusu yake. Nguruwe wawili wakawa saba. Sosthenes akimwona kwa mbali alivuka barabara, akamwamkia kutoka upande wa pili. Yohane alipopiga simu kuuliza usalama, mama yake alimjibu, "Tunalindwa na Mungu na vingine vidogo vidogo."

Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Mwezi wa kumi, mtendaji wa kijiji, Timotheo, alipita na pikipiki na kipaza sauti. Akatangaza kwamba wanaomiliki silaha kihalali wazipeleke Mafinga zikahakikiwe, na wasio na kibali wazisalimishe kwa hiari yao kabla ya mwezi kuisha, wala hakuna atakayeulizwa kaitoa wapi. Baada ya hapo ni msako, na atakayekutwa nayo atazeekea jela. Alitangaza njia nzima. Alipofika kwa Veneranda akazima pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Hakukaa. Alitoa karatasi. "Mama, jina lako hili hapa. Wamelitaja watu kumi na wanne. Na kumi na wanne hao ni waliokuja ofisini tu."

"Timotheo, mwanangu, mimi sina bastola."

"Ndiyo, mama. Huku hakuna mwenye bastola." Akamkonyeza.

"Nina mguu wa kuku."

"Si ndiyo hiyo hiyo, mama!" Timotheo aligeuka huku na huku kuona kama kuna aliyesikia, akateremsha sauti. "Ipeleke. Nakuomba kama mzazi wangu. Wakija kwa msako watachimba mpaka kaburi la mzee."

Mkono wa Veneranda ulikuwa tayari kwenye leso. Angeifungua, kisa kingeishia hapo. Lakini Timotheo ana mdomo usio na pazia. Aliyoyajua asubuhi, jioni yalikuwa yananyweshwa ulanzi kilabuni. Akiuona ule mguu, kabla jua halijazama Sosthenes atajua kwamba kwa mwaka na nusu amekuwa akivuka barabara kumkimbia jogoo mkavu. Kesho yake nguruwe saba watalewa. Keshokutwa Fuso. Na asipoufungua, ni pingu. Veneranda aliutoa mkono mkobani ukiwa mtupu, akasema atakwenda.

Jioni Yohane akapiga. Maneno husafiri, yalishafika Mbeya.

"Mama! Una bastola?"

"Nani kakwambia?"

"Mama, unajua mimi ya kwangu niliipataje? Kamati ya mtaa, kamati ya kata, kamati ya wilaya. Wamenichukua alama za vidole vyote kumi. Nimechimbia kasiki ya chuma ukutani. Nikienda harusini naiacha, nikinywa bia moja siruhusiwi kuigusa, nikisafiri sipati usingizi nikiwaza imelalaje. Eveline anasema ningemtunza yeye hivyo angeshanenepa."

"Na imekusaidia nini, mwanangu?"

"Dukani walivunja mwezi wa saba," alisema Yohane. "Ilikuwa kwenye kasiki."

"Pole, baba."

"Si hoja, mama! Hoja ni kwamba nakuja kukuchukua. Jumamosi. Na Fuso."

Hii ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi Veneranda alipanda gari la kwanza kwenda Mafinga. Alishapanga: ataomba kuonana na mkubwa faraghani, atamfungulia leso, atamsihi amfute kwenye orodha bila kuwaambia watu wa kijijini. Akicheka acheke. Polisi nao ni binadamu.

Kituo cha polisi, kwenye benchi nje ya chumba cha kupokelea silaha, palikuwa na watu sita, kila mmoja na furushi lake na kila mmoja akitazama ukuta. Mzee mmoja alikuwa na gobole refu ndani ya mkeka, akijifanya amekuja kuuza mkeka. Mwisho wa benchi alikaa kijana amepakata mfuko mweusi wa nailoni. Alipoinua uso, alikuwa Sosthenes.

Sosthenes alisimama akampisha kiti. Kisha akaona hapana pa kukimbilia, akakaa tena kandokando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Na wewe umeuleta?"

"Nimeuleta." Na ulikuwepo kweli, mapajani mwake.

Mzee wa mkeka aliitwa akaingia. Sosthenes alimsogelea Veneranda, akasema kwa sauti ya chini sana, "Huu wa kwangu niliununua kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu?"

"Tangu ile siku ya kalavati. Nilisema huyu mama anajua ni mimi niliyechukua nguruwe yake. Ipo siku atanifuata. Mume hana, haogopi kufa, atanimaliza. Nikauza pikipiki nikanunua hii kitu, kwa mtu ambaye simtaji. Mama, mara tatu nimejificha nyuma ya banda lako. Si kuiba, naapa. Nilikuwa nasubiri nione unatoka na mkoba. Nilisema ukiingiza tu mkono, nakuwahi."

Kila jioni Veneranda alitoka na ule mkoba kwenda kulisha nguruwe. Kila jioni aliingiza mkono, kwa sababu mle ndani, pamoja na mguu wa kuku, ndimo alimoweka miwani yake.

"Ukazuiwa na nini, Sosthenes?"

"Mara zote tatu ulikuwa unaimba. Nikashindwa." Alitazama ule mfuko mweusi. "Nalala nayo chini ya mto. Juzi nimetoka kuoga, nakuta mtoto ameishika. Ana miaka minne. Kanilenga, anacheka, anasema, baba, pa! Mama, risasi zilikuwemo." Hapo kijana yule, mwizi asiyeshikika, alianza kulia, machozi yanadondokea nailoni yanapiga kelele. "Nimeileta. Lakini naogopa. Nikiitoa mimi, na wewe wakakuachia ya kwako, mimi nitaishije? Tangulia wewe. Nikiona umetoa, na mimi natoa. Usipotoa, naondoka nayo."

Mlango ulifunguka, mzee akatoka na mkeka mtupu. Sajenti Benedicta, mwanamke mnene mwenye kalamu sikioni, alichungulia. "Anayefuata."

Hakuna aliyenyanyuka. Veneranda alimwangalia Sosthenes. Akawawaza nguruwe wake saba. Akaliwaza lile geti la chuma na Eveline akimpokonya kisu. Hasira zilimpanda, akataka amzabe kofi kwa ajili ya yule jike mwenye mimba, na huruma nazo zikapanda juu ya hasira. Na akamwona yule mtoto wa miaka minne, anacheka.

Akatoa leso, akaifungua juu ya mapaja.

Sosthenes alitazama. Alitazama muda mrefu. Aliinama akanusa. "Mama," alisema, "hii ni nini?"

"Mguu wa kuku."

"Mguu wa kuku wa... wa kuku?"

"Ulinisikia vibaya wewe. Mimi nilisema vizuri tu. Hata nilikukaribisha."

Uso wa Sosthenes ulipita rangi zote. "Ningekuua, mama," alisema. "Ningekuua kwa mguu wa kuku."

"Ndiyo. Sasa nenda ndani ukatoe hicho kitu."

Akaenda. Alivyotoka, mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi. Zamu ya Veneranda ilipofika, Sajenti Benedicta alisoma kwenye orodha: Kihwele, Veneranda, bastola moja ya kienyeji. Akaupindua ule mguu kwa ncha ya kalamu, juu, chini. Alicheka mpaka akalazimika kushika meza, kisha akafuta macho na uso wake ukawa mwingine.

"Mama yangu, usirudie. Ukimwambia mtu una silaha, hata kwa mzaha, na yeye anakwenda kutafuta ya kwake. Na ya kwake haitakuwa ya kukausha jikoni."

"Nimekwisha kumwona, sajenti," alisema Veneranda. Hakusema alimwona wapi, na hakuulizwa. Jina lake likapigwa mstari. Aliporudishiwa ule mguu alitoka nao nje, akamtupia mbwa wa pale uwanjani. Mbwa aliutafuna dakika tano akauacha.

Walirudi gari moja, kiti kimoja. Veneranda alikuwa ameshaamua. Wakimuuliza atasema yote, na Jumamosi atapanda Fuso kwa miguu yake mwenyewe.

Pale wanaposhukia, Igowole, barazani kwa duka palikuwa na watu kama mnadani. Mbele yao Timotheo na karatasi yake.

"Mama Yohane! Umesalimisha?"

Veneranda alivuta pumzi ili aanze. Sosthenes akamwahi.

"Asalimishe nini?" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Wamekagua, wamesema uko safi. Wamempa na kibali. Nimekiona kwa macho yangu, kina muhuri mwekundu mkubwa hivi!"

"Ee!" walisema watu, na wakapisha njia. Timotheo aliandika. Wale wenzake Sosthenes wawili wa kalavati, waliokuwa wameegemea nguzo, waliondoka wakielekea upande usio na nguruwe.

Veneranda alitembea hatua hamsini kabla ya kugeuka. Sosthenes alikuwa anamfuata.

"Mbona umewadanganya watu wazima vile?"

"Mama, nina deni lako. Na hapa kijijini wanaojua kwamba huna kitu ni nani na nani?"

"Matilda. Na wewe."

"Bi Matilda goti halimfikishi hata bombani. Sasa nguruwe yako ikipotea kesho, utamtaja nani?"

Veneranda alifikiri. "Wewe."

"Umeona? Hata nikiwa nimelala kwangu, ni mimi. Hata wakitoka wezi Mbeya, ni mimi tu." Alishika kichwa kwa mikono miwili, na safari hii hakuwa anaigiza. "Mama, mimi nitalala saa ngapi?"

Walipofika alikwenda moja kwa moja kwenye banda. Aliutikisa mlango, akalichungulia komeo, akaguna kwa dharau ya mtu anayejua anachokisema.

"Komeo gani hili, mama? Hili natumia kijiko tu. Lete nyundo na misumari."

Veneranda akaenda kuleta nyundo, na njiani akampigia Yohane simu kumwambia Fuso alikodishe kwa watu wengine.